Émile Reynaud, Aliyezipa Picha Mwendo

Mtoto akichukua kijinga cha moto usiku wa giza na kukizungusha upesi kwa mkono, wenzake huona duara zima la moto hewani, na hali moto wenyewe upo mahali pamoja tu kila wakati. Mchezo huu wajulikana vijijini, na wazee huukataza usichezwe karibu na nyumba za makuti. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza kwa nini macho yadanganyika namna hii. Sababu yake ni kwamba jicho haliachi mara moja kile lilichokiona. Mwanga ukiisha kuondoka, alama yake hubaki kitambo kidogo sana, na kabla alama haijafutika, kijinga kimekwisha kufika mahali pengine. Hivyo jicho huziunganisha alama zote likaona duara.

Tena akili ya mwanadamu ina tabia nyingine iliyo jirani na hiyo. Ikionyeshwa picha nyingi za kitu kimoja, moja baada ya moja kwa upesi, na kila picha ikitofautiana kidogo na ile iliyotangulia, akili huijaza nafasi iliyo kati ya picha na picha, na mtu huona kitu kimoja kinachotembea. Tabia hizi ndizo zilizowapa watu njia ya kutengeneza sinema, katuni na video zote tuzionazo leo. Katika somo hili tutasoma habari za fundi mmoja Mfaransa, jina lake Émile Reynaud, aliyewaonyesha watu hadithi ndefu za picha zilizochorwa kwa mkono, zikitembea juu ya pazia, kabla sinema haijafunguliwa katika mji wake.

Émile Reynaud alizaliwa tarehe 8 Desemba 1844 katika mji wa Montreuil, ulio karibu na Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Baba yake alikuwa mhandisi, tena fundi wa kuchonga nishani. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule hapo kwanza, naye alijua sana kuchora kwa rangi za maji. Mtoto huyu alifundishwa nyumbani na wazazi wake. Kwa mama alijifunza kusoma, kuandika na kuchora; kwa baba alijifunza kutumia tupa na keekee, na kujua jinsi vyuma vinavyounganishwa hata vikafanya kazi pamoja. Alipokuwa angali mtoto aliweza kuunda mashine ndogo ya mvuke. Basi akakua ana mkono wa mchoraji na mkono wa fundi, na maisha yake yote hakuutumia mmoja akauacha mwingine.

Mwaka 1858 alipelekwa Paris kujifunza kazi kwa mafundi wa vyombo vya sayansi, vile ambavyo kosa la upana wa unywele huviharibu. Baadaye alijifunza pia kazi ya kupiga picha. Mwaka 1864 akasikiliza mafundisho ya padre mmoja mtaalamu, jina lake Moigno, aliyekuwa akiwafundisha watu wa mji mambo ya sayansi kwa msaada wa taa ya picha. Taa hiyo ilikuwa sanduku lenye moto ndani yake na kioo cha kukuza mbele; picha iliyochorwa juu ya kipande cha kioo iliwekwa ndani, na mwanga ukaitupa juu ya ukuta, kubwa kuliko mtu. Reynaud akawa msaidizi wa padre huyo. Hapo aliona kwa macho yake kwamba watu ambao huchoka upesi kusikia maneno matupu, hutulia wakijifunza waonapo picha katika giza.

Baba yake alikufa mwaka 1865. Kijana akaondoka Paris pamoja na mama yake, wakaenda kukaa Le Puy, mji wa milimani ambako ndiko walikotoka watu wa baba yake. Huko aliendelea kusoma chini ya jamaa yake mmoja aliyekuwa daktari. Hata mwaka 1873 akaanza yeye mwenyewe kuwafundisha watu wa Le Puy mambo ya sayansi, naye alitumia taa ya picha kama alivyojifunza kwa Moigno. Picha zile zilikuwa nzuri, walakini zilikuwa kimya, tena zilisimama. Farasi aliyechorwa akikimbia alibaki mguu juu, wala hakuuteremsha kamwe.

Wakati huo palikuwapo vyombo vya kuchezea ambavyo vilifanya picha zionekane zikitembea. Mbelgiji mmoja, Joseph Plateau, alikuwa ametengeneza kimoja mwaka 1832, na baada yake wengine walitengeneza kopo la duara lenye nyufa nyembamba ubavuni. Ndani ya kopo uliwekwa ukanda wa karatasi wenye picha, nalo likazungushwa. Mtu akichungulia katika nyufa, aliziona picha zikitembea. Nyufa zilikuwa za lazima, maana bila nyufa jicho lingeona rangi zilizochanganyika tu, kama mtu atazamavyo mianzi ya gurudumu la baiskeli liendalo mbio. Lakini nyufa zilikuwa na hasara yake. Ziliuzuia mwanga mwingi, hata picha zikaonekana hafifu, kama vitu vya jioni.

Mwaka 1876 Reynaud alitaka kutengeneza chombo cha namna hii cha kumfurahisha mtoto mdogo, akaanza kulifikiri tatizo la mwanga. Alilopata ni jambo jepesi kulieleza, ingawa kabla yake hakuna aliyelifanya hivyo. Aliziondoa nyufa, na katikati ya kopo akasimamisha vioo 12 vya kujitazamia, vimepangwa duara, kila kioo kikielekea picha moja katika picha 12 za ukanda. Kopo lilipozunguka, vioo vilizunguka pamoja nalo. Mtazamaji hakuitazama picha yenyewe, bali kivuli chake katika kioo. Kioo kimoja kikipita, kingine kilishika mahali pake na picha iliyofuata. Hivyo mwanga haukukatwa hata kidogo, na picha zikaonekana zimekaa mahali pamoja, safi, zenye rangi zake zote. Chombo hiki alikiita praksinoskopi, jina la Kigiriki lenye maana ya kutazama matendo. Mwaka 1877 serikali ya Ufaransa ikampa hati ya kuulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1878 chombo chake kikatajwa kwa heshima katika maonyesho makubwa ya dunia huko Paris.

Reynaud akarudi Paris, akafungua kazi ya kutengeneza na kuuza vyombo hivyo. Mwaka 1879 alioa, nao wakapata watoto wawili wa kiume. Kanda alizozichora zilikuwa na mambo ya kila siku: kuku wakilishwa, mtoto akipuliza mapovu ya sabuni, mchezaji akirusha mipira na kuidaka, msichana akiruka kamba. Kwa kazi hii alijifunza sheria ambayo wachoraji wa katuni waifuata hata leo. Muda hupimwa kwa picha. Mchoraji akitaka mkono uinuke polepole, huchora picha nyingi zilizotofautiana kidogo sana; akitaka uinuke ghafula, huchora chache zilizoachana mbali. Mwenda pole na mwenda mbio hupewa karatasi ile ile. Hesabu ya picha ndiyo iwatofautishayo.

Hata hivyo Reynaud aliona kwamba chombo chake kilikuwa na kasoro nyingine iliyo kubwa kuliko ile ya mwanga. Ukanda wenye picha 12 ulikuwa duara. Picha ya mwisho iliungana na ya kwanza, na jambo likaanza tena. Msichana aliruka kamba yake, akashuka, akaruka tena, wala hakuna siku aliyochoka na kwenda nyumbani. Kwa duara mtu aweza kuonyesha tendo, lakini hawezi kusimulia hadithi, maana hadithi yataka mwanzo, katikati na mwisho. Basi Reynaud akaazimia kulikata duara lile na kulinyosha liwe njia ndefu.

Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi, hata tarehe 1 Desemba 1888 akaomba hati ya mtambo mpya alioutaja kwa jina la Théâtre Optique, maana yake jumba la michezo ya macho. Katika mtambo huo picha zilichorwa juu ya vipande vya gelatini, kitu angavu kama gundi iliyokauka, navyo vilishikanishwa vikawa ukanda mmoja mrefu wa kuzungushwa kutoka gurudumu hata gurudumu. Kati ya picha na picha palitobolewa tundu, na meno ya mtambo yaliingia katika matundu hayo, yakauvuta ukanda kwa kipimo kilicho sawa. Mwanga wa taa ulipita katika picha, ukapiga vile vioo vya duara, ukatupwa juu ya pazia kubwa. Taa ya pili ilitupa picha ya mandhari isiyosogea: bustani, nyumba au pwani. Watu waliochorwa walitembea mbele ya mandhari hiyo, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuichora mara mamia.

Na picha zenyewe zilikuwa mamia. Hadithi ya Pauvre Pierrot ilikuwa na picha 500 katika ukanda wa meta 36. Hadithi ya Un bon bock ilikuwa na picha 700 katika meta 50. Kila moja ilichorwa na kupakwa rangi na Reynaud mwenyewe, kwa mkono wake, juu ya kipande kidogo cha gelatini kisichovumilia kosa.

Tarehe 28 Oktoba 1892 watu wa Paris waliingia katika Musée Grévin, jumba lenye sanamu za nta, ili waone jambo hilo kwa mara ya kwanza. Taa zikazimwa. Juu ya pazia ikaonekana bustani ya usiku, na Pierrot akaja na maua kumwendea msichana ampendaye; lakini mshindani wake alikuwa amejificha, akamchapa kwa fimbo, na yule maskini akakimbia kwa hofu. Bwana mmoja, jina lake Gaston Paulin, alipiga piano, na muziki aliutunga mwenyewe kwa ajili ya picha zile. Tena fimbo ilipomwangukia Pierrot, watu walisikia mlio wa pigo wakati ule ule, wala si kabla wala si baada. Reynaud alikuwa ameweka vipande vya madini katika ukanda. Vilipopita mahali pake viliamsha nguvu za umeme, nazo zikakifanya chombo kigonge. Hivyo picha yenyewe iliita sauti yake. Leo twazoea kuona kinywa kikifunguka na neno likasikika pamoja nacho, lakini mwaka 1892 jambo hili lilikuwa ajabu.

Reynaud mwenyewe hakuonekana. Alisimama nyuma ya pazia, mikono yake miwili ikiyazungusha magurudumu. Hakuuzungusha ukanda kama mtu asagaye nafaka, kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Aliweza kuusimamisha Pierrot akafikiri, kuurudisha nyuma Pierrot akasita, na kuupeleka mbele tena. Watu walipocheka, aliwangojea wamalize kicheko. Kwa njia hii picha 500 zilitosha kwa muda wa karibu robo saa. Muda ulikuwa mikononi mwake kama ngoma ilivyo mikononi mwa mpigaji, ambaye huutazama uwanja wa wachezaji kabla hajabadili mapigo.

Watu walikuja kwa wingi. Lakini mapatano aliyotia sahihi yalikuwa mazito. Alipewa faranga 500 kwa mwezi na sehemu ya mapato, ila hakuruhusiwa kuonyesha kanda zake mahali pengine, na ilimpasa kuuendesha na kuutengeneza mtambo. Gelatini ilichakaa kwa kuzungushwa mara nyingi kila siku, naye akakaa usiku akizitengeneza picha zilizopasuka. Mwaka 1894 akaonyesha hadithi mpya, Autour d'une cabine, yenye picha 636, inayosimulia mambo ya watu waogao pwani. Mwishoni mwake yatokea mashua, na juu ya tanga lake pameandikwa maneno ya kuwaambia watazamaji kwamba maonyesho yamekwisha.

Ndipo tarehe 28 Desemba 1895, katika mji huo huo wa Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walipofungua maonyesho ya mashine yao ya sinema. Mashine hiyo ilipiga picha kama 16 kwa sekunde moja. Kwa muda usiotimia dakika moja ilipata picha nyingi kuliko zile 700 za Un bon bock, wala haikutaka kalamu wala rangi. Watu waliona majani ya miti yakitikisika kwa upepo, nao wakastaajabu, kwa maana hayo yalikuwa majani ya kweli. Mkono wa mtu mmoja ungeshindanaje na mashine kama hiyo? Reynaud alijaribu. Mwaka 1896 alipiga picha za wachekeshaji wawili mashuhuri, Footit na Chocolat, katika mchezo wa Guillaume Tell, kisha akazitia rangi kwa mkono na kuzitumia katika mtambo wake. Huyo Chocolat, jina lake la kweli Rafael, alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa Cuba katika utumwa, akapata sifa kubwa huko Paris. Lakini jitihada hiyo haikutosha. Tarehe 28 Februari 1900 Reynaud alifanya maonyesho yake ya mwisho. Tangu mwanzo alikuwa ametoa maonyesho zaidi ya 12,000, na watazamaji wake walipita 500,000.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhitaji. Alijaribu uvumbuzi mwingine, lakini haukumletea riziki. Mashine za sinema zilienea kila mji, na jina lake likasahauliwa hata na watu waliopata kucheka mbele ya pazia lake. Kati ya miaka ya 1910 na 1913 huzuni ilimshinda. Akatwaa nyundo, akauvunja mtambo alioujenga kwa mikono yake. Kisha akazichukua kanda zake, akazitupa karibu zote katika mto Seine, upitao katikati ya Paris. Kazi ya maelfu ya saa ilichukuliwa na maji. Zilisalia kanda mbili tu za hadithi zake zilizochorwa, Pauvre Pierrot na Autour d'une cabine.

Émile Reynaud alikufa tarehe 9 Januari 1918 katika nyumba ya wagonjwa huko Ivry, karibu na Paris, naye alikuwa na umri wa miaka 73.

Lau angaliishi zaidi, angaliona kwamba alijihukumu kwa haraka. Sinema haikuiua kazi ya mchoraji. Tangu mwaka 1908 Mfaransa mwingine, Émile Cohl, alikuwa ametoa filamu iliyochorwa picha kwa picha, na baada yake wengine wengi katika nchi nyingi wakaifanya kazi hiyo kuwa sanaa kubwa. Leo kompyuta husaidia kuchora, na sauti na picha huunganishwa kwa umeme. Hata hivyo achoraye katuni hana budi bado kujiuliza maswali aliyojiuliza Reynaud: tendo hili litachukua picha ngapi, na mlio wake utasikika katika picha ya ngapi? Mwaka 2002 chama cha watu wa sanaa hiyo wa mataifa mengi kiliiweka tarehe 28 Oktoba kuwa sikukuu yao ya kila mwaka, kwa ukumbusho wa usiku ule wa Musée Grévin. Na mwaka 2015 maonyesho ya Reynaud yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Watu wa leo hutafuta kwa bidii kila mabaki ya kazi yake, na kile kilichozama mtoni hakuna awezaye kukirudisha.

Ninyi wanafunzi, kumbukeni mambo mawili katika habari hizi. La kwanza ni uvumilivu wa mtu aliyechora picha 500 ili maskini mmoja atembee bustanini kwa robo saa. La pili ni kwamba mtu hafai kuwa hakimu wa kazi yake siku ya huzuni. Siku hiyo nyundo na iwekwe mbali, na kazi ifungwe sandukuni. Kesho ina macho mengine.

Naye atakaye kulijua jambo hili kwa mikono yake, na achukue daftari kuukuu. Katika pembe ya ukurasa wa mwisho achore ndege, mabawa yakiwa juu. Katika ukurasa unaoutangulia amchore ndege yule yule mahali pale pale, mabawa yameshuka kidogo, na aendelee hivyo kurasa 20 au 30. Kisha azishike kurasa kwa kidole gumba na kuziachia upesi, moja baada ya moja, kutoka mwisho. Ndege ataruka. Akiruka vibaya, asilitupe daftari, bali ahesabu picha zake na kuchora tena.